Rupia Moja, Mizani Nyingi

Oktoba 2025 bei ya madini ya fedha katika soko la dunia ilivuka dola 50 kwa wakia. Ilikuwa imekaribia hapo Januari 1980, ikakaribia tena Aprili 2011, na mara zote mbili ikaporomoka. Zamani habari ya namna hii ingeishia kwenye mabenki ya London na maduka ya masonara wa Dubai. Safari hii ilifika Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania, kwa simu, na haikupita muda jamaa zangu wa Muyinga na wa Ngara wakaanza kunitumia picha: sarafu juu ya kitambaa, sarafu kiganjani, sarafu kando ya kiberiti ili nione ukubwa wake. Wote waliuliza swali moja: "Shangazi, hii sasa ni bei gani?"

Wananiuliza mimi kwa kuwa wanajua kwamba miaka ya nyuma, nilipokuwa karani mpakani, nilizunguka na rupia moja nikitafuta jibu la swali hilo hilo. Nilichotoka nacho ni kwamba swali lenyewe ni nusu. Kila niliyemwonyesha rupia ile alipima kitu chake, na bei aliyotaja ilikuwa jibu la kile alichokipima. Mwenye mali asipojua mwenzake anapima nini, anaweza kupunjwa huku akishukuru.

Mwaka 2012 nilikuwa karani wa wakala wa forodha Kobero, komini ya Butihinda, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Muyinga kabla ya mageuzi ya mikoa ya 2025. Ng'ambo ya kizuizi ni Kabanga, wilaya ya Ngara, Tanzania. Malori yaliyotoka bandari ya Dar es Salaam yalipanga foleni hapo yakisubiri karatasi, na kandokando ya foleni hiyo mji ulikuwa unakua: vibanda vya chai, nyumba za wageni, maduka ya vipuri. Mjomba wangu naye alikuwa akijenga duka juu kidogo ya barabara, na vibarua wake walikuwa wakichimba shimo la choo.

Mmoja wao, kijana wa kilima cha jirani, alifika kina cha kiuno, jembe likagonga kitu kisichokuwa jiwe. Akatoka na kisahani cheusi kilichoshikana na udongo. Angeweza kukitia mfukoni, na hakuna ambaye angejua. Alikipeleka kwa mjomba. Mjomba akamwita mzee mmoja wa pale, aliyekuwa amezaliwa wakati wa Wabelgiji na kulelewa na babu aliyewaona waliowatangulia. Mzee akakigeuza mara mbili, akasema, "Rupia hiyo. Ya Mdachi," yaani ya Mjerumani.

Kabla ya mtu yeyote kutaja bei, mjomba alimwambia yule kijana, mbele yetu sote: "Nusu yako uliyechimba, nusu ya kiwanja." Wakati ule niliona kama adabu ya kawaida. Nilikuja kuona uzito wake baadaye, nilipokuwa nasikia kesi za ndugu waliogombana hadi mahakamani kwa ajili ya vitu vilivyofukuliwa shambani. Mgawo ukikubaliwa bei ikiwa bado haijulikani, watu hugawana haki. Ukingojewa hadi bei itajwe, watu hugawana tamaa. Kitu kilichookotwa kina aliyekiona, kina mwenye ardhi, na nyuma yao yuko aliyekipoteza, ambaye hayupo kudai.

Mke wa mjomba alitaka kukisugua kwa majivu king'ae. Mzee akamzuia: "Kioshe kwa maji tu, mama. Weusi wake ndio ngozi yake." Tukakiosha kwa maji, tukakikausha kwa kitambaa, nami nikasoma. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha mtu aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na maandishi ya Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR, yaani Kaisari Wilhelm wa Pili. Upande wa pili: DEUTSCH OSTAFRIKA, EINE RUPIE, 1910, na herufi ndogo J, alama ya kiwanda cha sarafu cha Hamburg. Zilizopigwa Berlin zina A.

Mwaka huo 1910 ulinifanya nitazame kizuizi cha forodha kwa jicho jingine. Rupia ile ilipotoka Hamburg, hapakuwa na mpaka Kobero. Kuanzia pwani ya Bahari ya Hindi hadi Ziwa Tanganyika, pamoja na Urundi, kote kulihesabiwa kuwa koloni moja la Wajerumani, na rupia moja ilipokewa Bagamoyo, Tabora, Ujiji na Usumbura (Bujumbura ya leo). Wajerumani walikuwa na kituo cha kijeshi Usumbura tangu 1897, na mwaka 1912 wakaweka makao yao Gitega. Rupia zilipanda huku milimani na mishahara ya askari, ujira wa wapagazi, na mifuko ya wafanyabiashara wa Kiswahili waliokuja kununua ngozi. Kisha mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia, na baada ya vita nchi ikakatwa. Urundi ilikwenda kwa Mbelgiji, Tanganyika kwa Mwingereza, na Bugufi, iliyokuwa chini ya Mwami, yaani mfalme, wa Burundi, ikabaki upande wa Ngara. Mtu aliyeangusha rupia yake kwenye kilima kile aliiangusha katikati ya nchi. Sisi tuliichimba ukingoni mwa nchi, nayo haikuwa imesogea.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuulizia, kwa kuwa nilijua Kifaransa na nilijuana na watu wa barabarani.

Nilianza na jirani yangu wa kila siku, mvunja pesa aliyekaa karibu na kizuizi na mabunda ya faranga za Burundi na shilingi za Tanzania. Aliipima kwa kuirusha kidogo kiganjani, akataja bei ya sahani mbili za wali na nyama. Nikamwambia hii ni fedha halisi. Akacheka: "Dada, sikatai. Lakini niambie, kabla ya jua kuzama nani atainunua kwangu?"

Nilimkasirikia siku ile, na sasa naona alinipa somo la kwanza la uchumi. Mvunja pesa hapimi madini wala historia. Anapima muda: kitu hiki kitakaa mkononi mwangu saa ngapi kabla hakijawa pesa tena? Kila saa ya kungoja anaikata kwenye bei. Bei yake ni ndogo na ni ya kweli, kwa sababu anailipa hapo hapo. Mtu aliyebanwa na shida huishia kwake. Huyo anajua fika kwamba mali yake inazidi bei ile, ila kinachokosekana ni muda wa kungoja.

Somo la pili lilikuja lenyewe. Habari za mjini Muyinga hukimbia, na mtu mmoja mwenye suti na mkoba alinifuata hadi ofisini. Alitaja bei ya kununua lori. Kwa maelezo yake, baadhi ya rupia za Mjerumani zina "nguvu", wazungu wanazitafuta kwa mitambo, na yetu ilionyesha dalili zote. Kilichobaki ni kuithibitisha kwa dawa maalumu ambayo ingeletwa kutoka Kigali, nasi tungechangia gharama ya dawa hiyo tu. Nchi zetu za Maziwa Makuu zimejaa hadithi za mali ya Mjerumani: masanduku chini ya maboma, alama kwenye miamba, ramani zinazouzwa usiku. Zipo sababu za hadithi hizo kukolea. Wajerumani waliondoka kwa haraka, na huko Tabora mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na vita, kweli walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sarafu hizo leo zinauzwa kwa maelfu ya dola. Uongo wa yule bwana ulikuwa umeegemea ukweli huo, ndiyo maana ulisimama.

Mjomba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Kama thamani yake ni lori zima, kwa nini dawa isikatwe kwenye malipo yetu?" Mgeni akaaga kwa heshima na hakurudi. Nikajua kwamba bei kubwa mno nayo ina kitu inachokipima, nacho ni wewe: una tamaa kiasi gani, na mfukoni una kiasi gani.

Baada ya hapo nilitaka mtu mwenye mizani ya kweli. Nilikwenda Bujumbura kwa sonara mmoja karibu na soko kuu, kabla halijaungua Januari 2013. Aliipitishia sumaku, haikunasa. Akaigonga juu ya marumaru, ikatoa mlio mrefu mwembamba. Akaiweka kwenye mizani: gramu 11.5. Rupia mpya ilitoka kiwandani na gramu 11.66, uzito ule ule wa rupia ya Kihindi. Wajerumani waliilinganisha nayo makusudi, maana rupia ya Kihindi ndiyo iliyokuwa imezoeleka pwani. Ile tofauti ndogo ilikuwa imeliwa na mikono na mifuko ya watu kabla ya kufukiwa.

Hesabu yake aliiandika kwenye bahasha. Katika sehemu 1,000 za rupia, 917 ni fedha safi, kwa hiyo ile ya kwetu ilikuwa na gramu kama 10.5 za fedha. Wakia ya masonara ni gramu 31.1. Wakati ule wakia ilikuwa ikizunguka dola 30, basi rupia yetu ikiyeyushwa ilikuwa na fedha ya dola 10 hivi, au faranga 15,000. Yeye angetoa pungufu ya hapo, kwa sababu moto na kazi vina gharama. Hakunificha chochote.

Kisha akafungua droo akaniwekea shilingi mbili za Afrika Mashariki, zote zina simba mbele ya milima, zote zina kichwa cha Mfalme George wa Sita. "Chagua," akaniambia. Sikuona tofauti. Moja ilikuwa ya 1946, na robo yake ni fedha. Nyingine ilikuwa ya 1948, na haina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Miaka miwili tu baina yao. Waingereza walipotoka vitani wamefilisika waliondoa fedha kwenye sarafu, wakaacha simba pale pale.

Hapo nikaelewa kazi ya sonara. Anakupa sakafu, bei ambayo usikubali kushuka chini yake kama huna dharura. Kilichoandikwa juu ya sarafu yeye hakisomi, maana kwenye chungu cha kuyeyushia Kaisari na simba ni kitu kimoja. Ila bila sakafu hiyo, mtu anaingia sokoni hana pa kukanyaga. Mzani mdogo wa jikoni, sumaku na tarehe ya sarafu vinatosha kumpa mwanakijiji theluthi mbili ya maarifa yake.

Mwaka uliofuata nilikwenda Unguja kwenye harusi, nikaingia duka la vitu vya kale katika Mji Mkongwe. Mwenye duka alikuwa na sinia nzima ya reale kubwa za fedha zenye picha ya malkia mnene, zote za mwaka 1780. Nilidhani nimeingia hazina. Akanielekeza kwa upole: huyo ni Maria Theresa wa Austria, aliyefariki mwaka huo huo 1780. Kwa kuwa wafanyabiashara kuanzia Uhabeshi hadi Uarabuni na pwani yetu waliipendelea sarafu yenye sura yake, viwanda vya Vienna, Roma, London na hata Bombay viliendelea kuipiga kwa karne mbili, tarehe ile ile. Kila moja ina gramu 28 na kidogo. Ukiona 1780, hujajua bado kama ni ya bibi wa babu yako au ya juzi.

Kisha akaitazama rupia yetu kwa kioo cha kukuzia. Aliangalia meno ya ukingo, manyoya ya tai, herufi. Akasema ni halali na hali yake ni ya wastani, ila uso haujasuguliwa, na hilo ndilo lililomfurahisha. Sarafu iliyosuguliwa kwa mchanga au dawa ya meno hung'aa na kufa kwa wakati mmoja: mikwaruzo inabaki, na mkusanyaji anaikata nusu ya bei au anaiacha. Ila rupia moja za miaka hiyo zilipigwa nyingi. Kama tungekuwa na rupia mbili kwa kipande kimoja, sarafu kubwa ya 1893 au 1894, hapo mazungumzo yangekuwa mengine. Kwa yetu alitaja mara tatu ya bei ya sonara, na akafungua katalogi nene ya sarafu, ya Krause, kunionyesha kwamba hakuitoa kichwani.

Mtu huyu alipima uchache na hali. Alinitoa imani ambayo karibu kila mtu kwetu anayo, kwamba kikongwe ni ghali. Umri peke yake haununui kitu. Zipo sarafu za Kirumi zinazouzwa bei ya chakula cha mchana, na zipo za karne iliyopita zinazonunua nyumba. Kinachohesabiwa ni ngapi zimebaki, ziko katika hali gani, na wangapi wanazitaka.

Nilidhani safari imekwisha. Lakini nilipopita Gitega kwa shughuli za kazi, niliingia Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa 1955, jengo dogo lenye vikapu, ngoma, mapambo ya wafalme na picha za kale. Nilimwonyesha mtumishi mmoja rupia yetu. Hakuipima wala hakuuliza nataka nini. Aliniuliza imetoka wapi hasa. Kilima gani? Kina gani? Ilikuwa peke yake? Chini yake kulikuwa na nini? Akanikumbusha pia kwamba Burundi ina sheria ya kulinda urithi wa utamaduni tangu 1983, na kwamba vitu vilivyofukiwa huzungumza pamoja na jirani zao.

Majibu sikuwa nayo, wala mjomba. Shimo lilikuwa limeshajengewa. Aliyekuwa nayo ni yule kibarua. Nilipomuuliza, alieleza bila kusita: juu udongo mwekundu, kisha tabaka jembamba la mkaa, vigae vya chungu, ushanga wa bluu aliompa binti yake, na rupia pembeni ya mkaa. Yawezekana palikuwa na kaya pale, au kituo cha wapagazi kupumzika njiani kwenda Bugufi. Sarafu kama ile zipo kwa maelfu katika masanduku ya Ulaya. Rupia ya 1910 kando ya mkaa, vigae na ushanga juu ya kilima cha Kobero ni habari iliyokuwapo kichwani mwa mtu mmoja tu, na katika mizunguko yangu yote hakuna mnunuzi aliyeiuliza.

Tuliandika maneno yake kwenye karatasi, tukaiweka pamoja na sarafu. Mjomba alimlipa nusu yake kwa bei ya Unguja, si kwa bei ya sonara, na kijana akanunua mabati. Rupia ikabaki kwenye familia.

Juni 2023 nilikuwa Muyinga Benki Kuu ya Burundi ilipotangaza kwamba noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 zinaondolewa, na wenye nazo wana siku 10 kuzirudisha. Niliona foleni za watu waliofungua makopo na magodoro. Wafanyabiashara wa Kabanga waliokuwa wameshika faranga zetu walihangaika kuvuka nazo. Ndipo watu wengi walipoanza kusema kwamba rupia ya zamani ndiyo pesa ya kweli.

Mjomba hakukubali, nami sikubali. Rupia nayo ilikuwa ahadi ya serikali, na serikali ile ilipoondoka ahadi ikaondoka nayo. Kilichobaki ni madini. Madini yana sakafu ambayo noti haina, hilo ni kweli. Lakini aliyeiangusha rupia ile angenunua mbuzi, kizazi chake kingekuwa kimelisha watu hadi leo, wakati gramu zile za fedha hazikuzaa hata moja.

Sasa kwa jamaa zangu wanaongoja jibu. Dola 50 kwa wakia, bei ya Oktoba 2025, iliifanya rupia iliyochakaa kama yetu kuwa na fedha ya dola 17 hivi. Kwa kiwango cha benki cha wakati huo zilikuwa faranga 50,000 hivi, na kwa mvunja pesa wa pembeni zaidi ya hapo kwa mbali, maana pale Kobero hata dola yenyewe ilikuwa na bei mbili. Bei ya madini ikipanda hivi, sakafu inaikaribia bei ya mkusanyaji, na sarafu za kawaida huanza kupelekwa chunguni. Wengi watauza, kwa karo ya shule au dawa ya hospitali, na mimi siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Naomba jambo moja kabla ya mkono kufunguka. Msisugue. Pimeni. Pigeni picha pande zote mbili. Andikeni kilima, kina, kilichokuwa jirani yake, na jina la aliyechimba. Kazi hiyo ni ya jioni moja na haina gharama, na karatasi hiyo mnunuzi hawezi kuondoka nayo.